Mtoto na Mlezi Wake: Somo la Historia kutoka Makambi ya Wakimbizi ya Kibondo na Kasulu

1. Utangulizi

Historia ya wakimbizi katika nyanda za juu za Kigoma imekwisha kuandikwa mara nyingi kwa njia ya hesabu: idadi ya watu waliovuka mpaka, tani za mahindi na maharage zilizogawiwa, visima vilivyochimbwa, maturubai yaliyotolewa. Hesabu hizo ni za lazima, kwa maana pasipo chakula na maji hakuna uhai. Lakini yuko mmoja ambaye hesabu hizo humtaja pasipo kumwona, naye ni mtoto mchanga. Yeye hakuja kwa miguu yake. Alikuja katika mbeleko, mgongoni mwa mtu. Swali letu katika makala hii ni hili: mtu huyo alikuwa nani, na mtoto alikaa naye kwa muda gani?

Swali hili si dogo. Kanisa letu limezoea kuuliza habari za yatima kwa maneno mawili: amekula nini, na atalala wapi. Hayo ni maswali ya haki, nayo yana msingi katika Maandiko. Hata hivyo tunakusudia kuonyesha kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu swali la tatu lina uzito ulio sawa na hayo mawili, yaani: ni nani aliye wake? Mtoto wa umri huo hujenga na mtu fulani uhusiano ambao wataalamu huuita mfungamano. Mfungamano huo ukiwa salama, mtoto huweza kucheza, kujifunza na kupona. Ukikatwa mara kwa mara, hupata hasara ambayo bakuli la uji peke yake haliwezi kuifidia. Historia ya Kibondo na Kasulu tangu mwaka 1993 yatufundisha jambo hili, nasi tulio wachungaji na wanafunzi wa theolojia yatupasa kulisikia.

2. Buha na njia ya wakimbizi

Wilaya za Kibondo na Kasulu ni sehemu ya nchi ya Waha, watu ambao lugha yao ya Kiha yakaribiana sana na Kirundi. Kwa sababu hiyo mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwa kamwe ukuta kati ya watu wa pande hizi mbili. Walioana, waliuziana, na wakati wa shida walikimbiliana. Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, wakimbizi wengi waliingia Tanzania, na baadaye wakapewa makazi ya kudumu Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilikuwa na sehemu kubwa katika kuyajenga makazi hayo. Kwa hiyo habari za wakimbizi wa magharibi ni sehemu ya historia ya Kanisa letu pia.

Wimbi la pili lilianza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia Burundi katika muda wa majuma machache. Wengine walirudi mwaka uliofuata, lakini vita viliendelea, na baada ya mapinduzi ya Julai 1996 wakimbizi walimiminika tena katika nyanda za Kigoma. Ndipo majina ya Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago yalipojulikana upande wa Kibondo, na Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu. Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipozuka mashariki ya Zaire, Wakongo kutoka Kivu ya Kusini walivuka Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu kwa ajili yao. Kufikia mwaka 2000 Tanzania ilikuwa inahifadhi wakimbizi zaidi ya 500,000.

Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 yalifungua njia ya kurudi. Makambi ya Kibondo yalifungwa moja baada ya jingine hata mwaka 2009, na Mtabila ikafungwa Desemba 2012. Lakini Aprili 2015 Burundi iliingia tena katika machafuko. Watu walikusanyika katika kijiji cha Kagunga kando ya ziwa, ambako kipindupindu kilizuka. Meli ya Liemba iliwachukua hadi Kigoma mjini, na kutoka huko wakapelekwa kwa mabasi hadi Nyarugusu. Nyarugusu ilipojaa kupita kiasi, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Mwaka 2017 urejeshaji wa hiari ulianza tena, na Mtendeli, ambayo baada ya mgawanyo wa wilaya iko Kakonko, ikafungwa mwaka 2021.

Tumeieleza safari hii kwa kirefu kwa makusudi. Tafadhali msomaji uifuate mara ya pili ukiwa mgongoni mwa mama. Kukimbia usiku, kungoja ufukweni, kupanda meli, kupanda basi, kulala katika hema la watu wengi, kuhamishwa kambi, kisha kurudishwa. Katika kila kituo cha safari hiyo wako watoto waliopotezana na wazazi wao. Wengine mama zao walikufa njiani au katika kujifungua. Wengine walikabidhiwa jirani katika msongamano, na jirani hakumwona mama tena. Mtu mzima huhesabu safari kwa maili. Mtoto mchanga huihesabu kwa mikono iliyompokea.

3. Jinsi elimu ya mfungamano ilivyozaliwa

Jambo ambalo wasomaji wetu wengi huenda hawalijui ni kwamba elimu hii, ijapokuwa yafundishwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, sehemu yake kubwa ilizaliwa katika Afrika Mashariki, tena katika historia ya vita na ya watoto waliohamishwa.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilihamisha watoto wengi kutoka miji mikubwa ili kuwaepusha na mabomu. Desemba mwaka huo daktari John Bowlby, pamoja na wenzake wawili, aliandika barua katika jarida la madaktari la Uingereza akionya kwamba kuwatenga watoto walio chini ya miaka mitano na mama zao kwaweza kuwaletea madhara makubwa ya nafsi. Baada ya vita Shirika la Afya Duniani lilimwomba achunguze hali ya watoto wasio na makao, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1951. Mwenzake James Robertson aliwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitalini peke yao, na mwaka 1952 alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku chache. Kwa kutazama watoto wengi, hao wawili walieleza hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kumtafuta mama yake. Kisha hunyamaza kwa huzuni. Mwisho huonekana ametulia, huchukuliwa na yeyote, naye mama arudipo humgeuzia uso. Wauguzi walikuwa wakiisifu hatua hiyo ya tatu, wakisema kwamba mtoto amezoea. Robertson alionyesha kwamba hakuzoea, bali amekata tamaa.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifanya kazi pamoja na Bowlby huko London, kisha akaja Uganda pamoja na mumewe. Katika miaka ya 1954 na 1955, akisaidiwa na Katie Kibuka aliyekuwa mkalimani wake, alitembelea nyumba za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Aliwatazama watoto 28 wa mama 26, akirudi katika kila nyumba kila baada ya majuma mawili hivi kwa muda wa miezi kadhaa. Alikuwa amesikia habari za desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake, naye alitaka kujua matokeo yake. Alikuta kwamba katika nyumba nyingi alizozitembelea desturi hiyo ilikuwa haifuatwi tena, lakini akaona jambo kubwa zaidi.

Aliona kwamba mtoto hafungamani na mama kwa sababu ya maziwa tu. Mtoto aliye salama humfanya mama kuwa kituo chake: hutambaa kwenda kukigusa kitu kigeni, hugeuka kumtazama mama, hurudi, kisha huenda tena. Watoto 16 kati ya wale 28 aliwaona kuwa na mfungamano salama, 7 hawakuwa na usalama huo, na 5 walikuwa bado hawajafungamana. Alipochunguza sababu, hakuona kwamba idadi ya walezi peke yake ndiyo iliyoamua jambo hili. Kilichokuwa na uzito ni wingi wa malezi ambayo mama mwenyewe alimpa mtoto, na jinsi alivyomjua mtoto wake hata akaweza kueleza habari zake kwa undani. Yaani mtoto alikuwa salama mahali ambapo palikuwa na mtu aliyemsoma na kumjibu. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilichapishwa mwaka 1967, na uchunguzi alioufanya baadaye Baltimore, Marekani, ulijengwa juu ya yale aliyoyaona Buganda.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Mfungamano si lazima uonekane namna moja kila mahali. Robert LeVine, aliyechunguza malezi ya Wakisii wa Kenya kuanzia miaka ya 1950, alieleza kwamba mama wa Kikisii alikuwa mwepesi sana kumtuliza mtoto aliaye, lakini hakuzungumza na kucheka naye kwa muda mrefu kama afanyavyo mama wa Kimarekani. Mgeni aliyetafuta tabasamu angalisema kwamba upendo haupo. Basi tunapotazama malezi ya Waha, Warundi au Wakongo, tusiyapime kwa desturi za mbali. Tuulize tu: mtoto aliapo, yuko mtu anayekuja? Na anayekuja leo ndiye aliyekuja jana?

4. Kituo au nyumba?

Watoto waliopotezana na wazazi walipofika makambini, palikuwa na njia mbili za kuwatunza. Ya kwanza ilikuwa kuwakusanya katika kituo. Ya pili ilikuwa kuwakabidhi kwa familia za wakimbizi wenyewe, ambayo katika sheria zetu huitwa malezi ya kambo. Uchaguzi huu si mpya katika Kanisa la Kilutheri, nasi twafaidika tukiukumbuka.

Martin Luther na mkewe Katharina waliwalea katika nyumba yao ya Wittenberg watoto kadhaa wa ndugu zao waliofiwa na wazazi. Hiyo ilikuwa njia ya nyumba. Miaka zaidi ya 150 baadaye, August Hermann Francke alianzisha nyumba ya yatima huko Halle, na jengo lake kubwa likaanza kujengwa mwaka 1698. Kazi ya Halle ilisifiwa ulimwenguni kote, nayo ikawa kielelezo kwa wamisionari wengi: palipo na yatima, pajengwe jengo. Lakini mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern alifungua Rauhes Haus karibu na Hamburg, naye hakutaka kundi kubwa chini ya paa moja. Aliwagawa watoto katika makundi madogo kama familia, yapata watoto kumi na wawili kila moja, na kila kundi likawa na ndugu mmoja wa kuishi nalo. Wichern hakuwa na elimu ya Ainsworth, lakini alijua kwamba mtoto hulelewa na mtu, wala si na taasisi.

Jambo hilo hilo lilidhihirika tena London wakati wa vita. Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulea watoto wa vita kuanzia mwaka 1941. Mwanzoni watoto walihudumiwa na walezi wote kwa zamu. Walikuwa safi na wenye kushiba, lakini maendeleo yao hayakuwaridhisha wasimamizi. Ndipo wakawagawa katika familia ndogo ndogo, kila mlezi akawa na watoto wake wachache. Matokeo ya kwanza yalikuwa vilio na wivu, kwa maana sasa kila mtoto alikuwa na mtu wa kumgombania. Baada ya muda mfupi watoto wakatulia, wakaanza kustawi. Kilio kile, ambacho mwangalizi wa juu juu angekiona kuwa hasara, kilikuwa dalili ya uhai.

Karibu na kwetu, katika makambi ya Goma mwaka 1994, vituo vingi vya watoto vilifunguliwa kwa haraka na kwa moyo mwema. Jambo moja lilijitokeza: familia nyingine maskini ziliacha watoto wao kituoni, zikiona kwamba huko wangepata chakula na matibabu kuliko nyumbani. Hivyo kituo kilichojengwa ili kuponya utengano kikawa chanzo cha utengano mwingine. Fundisho hilo liliingia katika miongozo iliyofuata. Mwaka 2004 mashirika makubwa ya kimataifa yanayohudumia watoto na wakimbizi yalikubaliana juu ya kanuni za pamoja, ambazo zaagiza kwamba mtoto aliyetenganishwa atunzwe katika familia ya jamii yake kila inapowezekana, kwamba ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na kwamba ndugu wa damu watafutwe tangu mwanzo.

Katika makambi ya Kigoma njia ya familia ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza. Tusiipambe kupita kiasi. Mama aliyempokea mtoto wa mwingine alikuwa yeye mwenyewe mkimbizi, mara nyingi mjane, mwenye watoto wake na posho ile ile ya chakula. Aliyefiwa na mume na asiyelala usingizi kwa hofu hana wepesi wa kumjibu mtoto, hata awe amemzaa mwenyewe. Tena wako watoto wakubwa kidogo, hasa wasichana, ambao kila mahali hujikuta wamechukuliwa si kama wana bali kama watumishi. Kwa hiyo malezi ya kambo yalihitaji macho ya jamii, ya watumishi wa ustawi na ya kanisa la kambini. Hata hivyo kwa mtoto mchanga mama huyo maskini alikuwa na kitu ambacho kituo chenye zamu tatu hakingeweza kukitoa, nacho ni mgongo ule ule kila siku.

Wataalamu wa lishe nao walifika hapo hapo kwa njia nyingine. Daktari Cicely Williams, aliyeueleza ugonjwa wa unyafuzi katika miaka ya 1930 huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alijifunza kutoka kwa wanawake wa Kiga kwamba ni ugonjwa wa mtoto anayesukumwa kando mdogo wake azaliwapo. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 juu ya kutibu utapiamlo mkali una hatua kumi. Pamoja na sukari, maji, dawa na maziwa, hatua ya tisa ni kumpa mtoto upendo, michezo na uchangamfu, mama yake akishirikishwa. Hivyo hata tiba ya njaa imekiri kwamba chakula chahitaji mkono unaojulikana.

5. Mama wa pili na ndugu wa damu

Sasa twafika mahali pagumu, ambapo mema mawili hugongana.

Tuchukue mfano, si wa mtoto fulani, bali wa namna ambayo mambo haya hutukia. Mtoto wa miezi minane afika Nyarugusu mwaka 2015 pasipo mzazi. Mwanamke wa kijiji cha jirani na kwao ampokea. Miaka miwili na nusu yapita. Mtoto amejifunza kutembea akishika kanga ya mwanamke huyo, na neno lake la kwanza lilikuwa ni kumwita mama. Ndipo watafutaji wa ndugu wampata baba yake mdogo huko Burundi, naye kwa haki na kwa upendo amtaka mtoto wa marehemu kaka yake. Je, mtoto aende?

Mila za Waha na Warundi zajibu: damu na ukoo wa baba. Mtoto asiye na ukoo hana shamba wala jina. Jibu hili si la ukatili. Linaona mbali, hata siku ambapo mtoto atakuwa mtu mzima anayehitaji mahali pa kusimama. Elimu ya mfungamano nayo yajibu: mtoto huyu tayari ana mama, na kumwondoa ghafula ni kumfanya yatima mara ya pili. Kwa mtoto wa miaka kumi anayekumbuka kwao, miaka miwili ya kambini ni safari. Kwa mtoto wa miaka mitatu ndiyo maisha yote anayoyajua.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, hauchagui upande mmoja kwa urahisi. Wautetea umoja wa familia, na katika kifungu cha 20 waagiza pia kuzingatia mwendelezo wa malezi ya mtoto. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2008 juu ya maslahi bora ya mtoto ulidai kwamba mambo haya yote yapimwe kwa kila mtoto peke yake, wala yasiamuliwe kwa orodha ya watu wa kupakiwa katika lori.

Nasi twaona kwamba historia yatupa njia ya tatu, iliyo nyembamba lakini yapitika. Makabidhiano yasiwe tukio la siku moja. Ndugu wa damu ajulishwe kwa mtoto kwanza, kwa ziara ikiwezekana, au kwa picha, sauti na habari. Mlezi wa kwanza awepo wakati mtoto anapozoezwa kwa mlezi wa pili, ili mtoto amwone mama yake akimwamini mtu yule. Wimbo wake wa usingizi, chakula anachokipenda, kitambaa alichobebewa, vyote viende pamoja naye. Na baada ya hapo mlezi wa kwanza asifutwe katika maisha ya mtoto kana kwamba hakuwako. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji muda, na muda ndio uliokuwa haba kuliko vyote kila kambi ilipokuwa ikifungwa kwa tarehe.

6. Nuru ya Maandiko

Yawezekana msomaji akadhani kwamba tumeingiza elimu ya kidunia katika nyumba ya theolojia. Lakini tukirudi katika Maandiko twaona kwamba mambo haya yamo humo tangu zamani.

Katika Kutoka 2, mtoto Musa aokolewa na binti Farao, lakini hakupelekwa jumbani siku ile ile. Kwa hekima ya dada yake alirudishwa katika mikono aliyoijua, akanyonyeshwa na mama yake kwa ujira, na alipokua ndipo akapelekwa. Katika 1 Samweli 1, Hana ameweka nadhiri ya kumtoa mwanawe kwa Bwana, lakini akataa kupanda Shilo kabla ya kumwachisha ziwa, naye Elkana akubali. Nadhiri kwa Mungu mwenyewe ilingoja hata mtoto awe tayari. Katika Ruthu 4, Naomi amtwaa Obedi kifuani mwake na kuwa mlezi wake, ingawa hakumzaa, hata wanawake wa jirani wasema kwamba Naomi amepata mwana. Hapo ulezi wapewa heshima ya uzazi hadharani, pasipo kumwondolea Ruthu yaliyo yake.

Tena manabii na waimba Zaburi walipotaka kusema jinsi Mungu alivyo, hawakuona haya kutumia lugha ya mtoto na mlezi. Hosea 11 yamwonyesha Mungu akimfundisha Efraimu kutembea na kumchukua mikononi. Zaburi 131 yaifananisha nafsi inayomtumaini Bwana na mtoto aliyeachishwa, ametulia kwa mama yake. Mtoto huyo halii kwa sababu ya maziwa, maana amekwisha kuachishwa. Ametulia kwa sababu mama yupo. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya mfungamano salama.

Luther naye, katika Katekisimu Kubwa, akifafanua amri ya kwanza, afundisha kwamba viumbe ni mkono na mfereji ambao kwa huo Mungu atugawia mema yote, na mfano mmoja anaoutoa ni maziwa ya mama kwa mtoto. Basi ikiwa mlezi ni mkono wa Mungu kwa mtoto, kuubadilisha mkono huo mara kwa mara pasipo sababu si jambo la utawala tu. Ni jambo la imani. Mtoto hujifunza maana ya uaminifu kabla ya kujua neno lenyewe.

7. Yatupasayo

Wengi wetu hatutumiki kambini. Lakini lililotukia kambini kwa maelfu hutukia katika kila usharika kwa mmoja mmoja. Mama afa kwa uzazi. Baada ya matanga ndugu huketi kugawana majukumu: huyu aende kwa shangazi, yule kwa mjomba, kichanga kwa bibi mpaka atakapokua kidogo, kisha kwa baba. Mchungaji huwapo, huomba, huondoka. Twashauri kwamba katika kikao hicho mchungaji aulize swali moja kwa upole: ni nani anayemshika mtoto huyu sasa, na tufanye nini ili aendelee kumshika?

Pili, umoja wa wanawake na kamati ya diakonia wamsaidie mlezi, si mtoto peke yake. Mwanamke anayelimiwa nusu eka, anayechotewa maji siku mbili kwa juma, apata nguvu ya kumjibu mtoto aliaye usiku. Methali yetu yasema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo yaweza kugawanywa bila kumgawanya mtoto.

Tatu, wafadhili wanapotujia na fedha za kujenga kituo cha watoto wachanga, tusikimbilie kuweka jiwe la msingi. Tuulize kwanza kama fedha hizo haziwezi kuwafikia bibi na shangazi. Palipo na haja ya kituo kwa kweli, kila mlezi awe na watoto wachache walio wake, asihamishwe kwa zamu. Wageni wanaokuja kwa majuma mawili kuwapakata watoto na kuondoka, tuwapokee kwa heshima, lakini tuwape kazi nyingine.

Nne, tushirikiane na afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa malezi ya kambo. Mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, uliozinduliwa Desemba 2021, umetaja malezi yenye mwitikio kuwa ni sehemu ya makuzi sawa na afya na lishe. Mchungaji anayeujua mpango huo ataweza kuufundisha katika darasa la wazazi kabla ya ubatizo.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya watoto wachanga wa Kibondo na Kasulu haiwezi kuelezwa kwa chakula na mahema peke yake. Wanawake waliowachukua watoto wasio wao, katika Mtabila na Nduta, katika Kanembwa na Nyarugusu, walifanya kazi ambayo haikuandikwa katika taarifa za tani na lita, nao wengi wao waliikabidhi kazi hiyo kwa machozi siku ya kurudi. Kanisa linalobatiza watoto wachanga, na kukiri kwamba Mungu aweza kuwashika wasiojua hata jina lao, lina sababu ya pekee ya kuwaheshimu wanawake hao. Na heshima ya kwanza tunayoweza kuwapa ni kuhakikisha kwamba katika sharika zetu mtoto hahamishwi kutoka mkono hadi mkono pasipo mtu kuuliza atalia kwa nani.